Cheti cha Ubatizo Ambacho Sikuwahi Kuwa Nacho

Mjukuu wangu alinipigia simu kutoka Nairobi saa nne usiku, saa ambayo simu ikilia unaanza kuuliza nani amefariki. Ni binti wa mtoto wa kaka yangu, na kwetu huyo ni mjukuu bila maelezo zaidi. Alikuwa amechumbiwa na kijana Mkatoliki. Walikwenda kumwona padri, na padri akamwomba cheti cha ubatizo.

"Guku," yaani bibi kwa lugha yetu, "mimi sina. Mama naye hana. Lakini kuna mtu River Road anaweza kunitengenezea kwa elfu tatu, na mhuri juu."

Nilimwambia asimpe mtu huyo hata shilingi kumi mpaka nimsimulie jambo. Nilianza usiku ule ule, nikaishia katikati kwa aibu. Sasa nimeandika lote, maana najua hayuko peke yake. Huku Magharibi mwa Kenya tuko wengi tuliozaliwa na Marafiki, wale ambao wengine huwaita Quaker, na siku moja dirisha fulani litakuomba karatasi ambayo kanisa lako halijawahi kumpa mtu.

Nilizaliwa 1946, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka Kaimosi, upande wa Maragoli. Mwaka huo huo Marafiki wa Afrika Mashariki walipata Mkutano wao wa Mwaka, yaani chombo chao kikuu, wakawa na sauti yao badala ya kusemewa na Marekani kila kitu. Baba alipenda kusema mimi na Mkutano wa Mwaka ni mapacha. Wamishenari wa kwanza, Hotchkiss, Hole na Chilson, walifika Kaimosi 1902, reli ikiwa imefika ziwani mwezi Desemba uliotangulia. Walikuja na Biblia pamoja na nyundo, kwa sababu misheni yao iliitwa ya ufundi, na hilo lilionekana nyumbani kwetu: baba alikuwa seremala aliyejifunza kwa fundi aliyejifunza Kaimosi. Meza yetu ya kulia haikuwa na msumari hata mmoja. Bado ninayo.

Guku wangu alikuwa miongoni mwa waliohamia "laini", vile vijiji vya waumini vilivyojitenga na boma zenye busaa, pombe ya kienyeji, na wake wengi. Alipokuwa msichana, mwanamke wa kwetu hakula kuku wala yai. Kuku alipikwa na mwanamke, akaliwa na mwanamume, na imondo, yaani firigisi, ilikuwa ya mwenye mji hata kama amesafiri, ilimngoja. Akina mama wa kwanza wa misheni waliamua kula. Guku alisimulia alivyomeza kipande cha kwanza, na jinsi majirani walivyopita kila asubuhi kuangalia kama ameanza kuota manyoya. Alikuwa akicheka mpaka anashika ubavu, kisha ghafla ananyamaza na kusema, "Lakini usiku ule sikulala." Nimeikumbuka sentensi hiyo ya pili kuliko kichekesho chenyewe. Watu husimulia ujasiri wa wazee kana kwamba hawakuogopa.

Jumapili kengele ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mkuyu. Wanaume upande mmoja, wanawake na watoto upande mwingine, kwenye viti vya ubao visivyo na egemeo. Siku hizi nikisoma habari za Marafiki wa Uingereza, wanaoketi saa nzima bila mhubiri wala wimbo, naona watu wanadhani na sisi tulikuwa hivyo. Hapana. Waliotuletea imani walitoka upande wa Marafiki wa Marekani wenye wachungaji, nyimbo na mahubiri, nasi tuliimba kwa Luragoli, lugha ya Maragoli, mpaka koo likauke. Hata hivyo kimya kilikuwepo. Baada ya mahubiri mzee aliinamisha kichwa, na nyumba nzima ikatulia. Nilisikia mabati yakipasha joto, tii, tii. Nilisikia tumbo la mtu. Kisha labda mama mmoja huko nyuma akasimama, akasema maneno matatu, akaketi, na hakuna aliyemjibu.

Mtoto hapendi kimya kile. Mimi nilikuwa nikihesabu miti ya paa. Ilikuwa kumi na tisa.

Nilichopenda, ajabu, ni mikutano ya shughuli. Baba alikuwa mzee wa kanisa na mara nyingine alinichukua nimbebee kitabu chake. Marafiki hawapigi kura. Jambo linaletwa, watu wanasema, karani anasikiliza, na akiona wote wamekaribiana anaandika alichosikia na kuwasomea. Mmoja akisema moyo wake umezuiliwa, wanangoja. Nakumbuka mkutano uliokwama juu ya mabati ishirini: yaende kwenye jengo la shule au nyumba ya mwalimu. Asubuhi ilipita, mchana ukapita, jua likaanza kushuka nasi tumekunywa maji tu. Wangepiga kura saa tano asubuhi, shule ingeshinda. Mwishowe yule mama mjane ambaye hakuwa amefungua mdomo alisema mwalimu ana mtoto mgonjwa wa kifua na nyumba inavuja. Karani akaandika. Hakuna aliyepinga. Nimekaa kwenye kamati nyingi tangu siku ile, za shule, za chama cha akiba, za mazishi, na kila nikiona mikono inainuliwa haraka haraka naangalia ni nani hajasema.

Kulikuwa na mengi ya kukataza. Busaa, chang'aa, tumbaku, ngoma. Senge wangu, yaani shangazi, aliolewa Idakho, na nilipokuwa na miaka tisa nilikwenda kwake arusini nikasikia ngoma ya isukuti kwa karibu kwa mara ya kwanza. Miguu haikuniuliza. Habari zilifika nyumbani kabla yangu. Baba hakunipiga, ila yeye mwenyewe aliitwa na wazee, na miezi mitatu hakusimama mbele kusoma. Aliyecheza ni mimi. Nilimwona ameketi kiti cha nyuma na kofia magotini, na mpaka leo nasema wazee wale walikosea. Si kuhusu pombe. Pombe niliona ilivyofanya nyumba za jirani. Kuhusu ngoma. Mwaka 2014 isukuti ya Waisukha na Waidakho iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Niliposikia nilifikiria ile kofia.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu waliishi watu wa Dini ya Roho, kanzu nyeupe, misalaba, na kuomba kwa sauti hadi alfajiri. Tuliwacheka. Hakuna mtu aliyetuambia watoto kwamba walitoka kwetu. Mwamko wa 1927 ulianzia hapo hapo Kaimosi, ukaonekana umezidi kelele, na walioufuata wakajikuta nje. Niliyajua hayo nikiwa mwalimu tayari. Ukikulia ndani ya kanisa, uliza mapema ni nani walifukuzwa na kwa nini.

Sasa niseme kuhusu maji, maana ndiyo kesi yenyewe. Marafiki hawabatizi kwa maji wala hawagawi mkate na divai. George Fox na wenzake kule Uingereza miaka ya 1600 walishikilia kwamba ubatizo ni wa Roho, na kila chakula kinaweza kukumbusha. Kwetu mtoto aliingia darasa la mafundisho, akakaa humo muda mrefu, akaulizwa maswali mbele ya wazee, kisha jina lake likasomwa mbele ya mkutano wa mwezi, yaani baraza la makanisa yetu ya jirani, na kuandikwa kitabuni. Basi. Tulisema "kuandikwa". Mimi niliandikwa 1960, nikiwa shule ya bweni ya wasichana Kaimosi, nilipokuwa nyumbani likizo. Nilitazamia kuhisi kitu. Nilichohisi ni gauni kunibana kwapani. Karani alikuwa na mwandiko mzuri, na alipomaliza jina langu alilipuliza ili wino ukauke.

Pia tulifundishwa kutoapa. "Ndiyo yenu iwe ndiyo, siyo yenu iwe siyo." Mtu anayeapa, baba alisema, anakiri kwamba siku nyingine huwa anadanganya.

Shule nipite haraka. Nilifaulu mtihani wa darasa la nane 1961, nikasomea ualimu miaka miwili, na 1964, nchi ikiwa na miezi michache ya uhuru, nikapelekwa kufundisha upande wa Kakamega. Huko nikampata mwenzangu, mwalimu wa hesabu, Mkatoliki wa tangu bibi na babu. Ng'ombe walizungumzwa mwaka 1968. Baba alikubali baada ya kukaa kimya siku mbili, na nilijua kimya kile kilivyo, sikukiharakisha. Arusi tukapanga Aprili 1969.

Kosa langu la kwanza ni kwamba kwa mwaka mzima wa uchumba hatukukaa hata jioni moja kuulizana kanisa la kila mmoja linataka nini. Tulizungumza majina ya watoto. Tulizungumza baiskeli. Tulikwenda kwa padri Februari, wiki tisa kabla ya siku.

Alikuwa mzungu mzee, mpole, Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Akaandika majina, akaandika vijiji, kisha bila kuinua kichwa: "Cheti chako cha ubatizo kiko wapi, mwalimu?"

Ningesema, "Sikubatizwa, mimi ni wa Marafiki," tungemaliza. Alikuwa ameishi huku miaka mingi, alitujua vizuri kabisa. Lakini mama mkwe wangu mtarajiwa alikuwa ameketi pembeni, na nikaona neno "sikubatizwa" litakavyotua masikioni mwake: mpagani. Msichana aliyesoma Biblia ya Luragoli tangu ilipotoka nzima 1951, aliyefundisha shule ya Jumapili, awe mpagani mbele ya mama mkwe. Nikasema, "Kiliungua, Padri. Nyumba yetu iliungua."

Nyumba yetu haijawahi kuungua. Ilikuwa na meza isiyo na misumari ndani yake na baba yangu ameketi mezani.

Padri akatikisa kichwa kwa huruma, ndiyo iliyoniumiza zaidi, akasema si neno, ataandikia kanisa letu wanakili kutoka kitabuni. Nikarudi nyumbani na mwenzangu akiwa kimya juu ya baiskeli. Alijua nyumba haikuungua. Alikuwa amekula ugali humo wiki mbili kabla. Hakusema kitu mpaka tulipofika njia panda. "Kwa nini?" Sikuwa na jibu.

Ningeweza bado kurekebisha. Nilikuwa na siku, hata wiki. Badala yake nilitumaini barua itapotea. Kosa la pili hilo, na ndilo huwapata wengi, kwa sababu halifanani na kosa. Unakaa tu.

Barua haikupotea. Karani wetu, yule yule aliyepuliza wino, alijibu kwa mistari mitatu, na padri alinionyesha. Iliandikwa kwamba ninajulikana, niliandikwa mshiriki mwaka 1960, mwenendo wangu ni mwema. Kwamba Marafiki hawabatizi mtu kwa maji, hivyo hakuna cheti. Na kwamba nyumba ya baba yangu, kwa neema ya Mungu, imesimama. Hakuongeza lawama. Padri alikunja barua akasema, "Mwalimu, hili la ubatizo lina dawa. Hilo lingine sijui."

Dawa ilikuwa kibali cha askofu. Mkatoliki anaweza kufunga ndoa na asiyebatizwa, lakini kibali kinaombwa, na siku hizo Kakamega ilikuwa bado chini ya jimbo la Kisumu, barua ikaenda huko ikakaa. Ama sivyo nibatizwe, jambo ambalo lingekuwa la haraka zaidi. Mama mkwe alitaka hivyo. Kulikuwa na usiku mmoja nilikaribia kukubali ili tu kelele ziishe. Niliyemuuliza ushauri ni guku, akiwa kikongwe, macho yamefifia. Alisema, "Ukitaka maji, nenda ukayachukue. Usiyachukue kwa sababu umeaibika." Sikuyachukua.

Arusi ikasogea hadi Agosti. Unga wa wageni ulikuwa umeshasagwa, ukaingia fukusi. Mbuzi wawili waliouzwa kulipia gauni walikuwa wamekwenda, na baba mkwe alikuwa ameshaalika watu wa Kisumu na Eldoret kwa barua. Ikabidi barua nyingine. Nilihesabu, hasara yote ilikuwa kama mshahara wangu wa miezi miwili. Hiyo ililipika. Mwenzangu aliniamini tena, ila si upesi. Miaka ya kwanza nikimwambia jambo dogo tu, kwamba sukari imeisha, nilimwona akisita kidogo kabla ya kuitikia.

Siku ya kusaini ahadi za ndoa mseto, padri alisema niweke mkono juu ya Biblia niape. Nikamwambia Marafiki hatuapi, neno letu linatosha. Alinitazama. Nikajitazama. Alianza kucheka taratibu, mabega yakitikisika, akafuta miwani, akasema, "Haya, mwalimu. Neno lako linatosha." Akaniandikia kuwa nimethibitisha. Padri huyo alishafariki zamani; namkumbuka kila nikipita parokia ile.

Baada ya arusi nilirudi kwa mkutano wetu wa mwezi. Hakuna aliyeniita. Kilipofika kile kimya, nilisimama upande wa wanawake nikasema nilidanganya kuhusu nyumba ya baba yangu na kuhusu kanisa hili. Nikaketi. Kimya kikaendelea, mabati yakipasha joto. Nilimwona karani akiandika.

Kwa hiyo wewe uliye njia panda hiyo, mimi ningefanya hivi. Nenda kwenye mkutano wa mwezi ulikoandikwa, kwa miguu yako, umwombe karani barua ya ushiriki yenye mwaka ulioandikwa na sentensi inayosema wazi kwamba Marafiki hawabatizi kwa maji. Hiyo sentensi ndiyo ofisi inayoihitaji, na makarani vijana huisahau. Nenda mapema. Tangu mgawanyiko wa 1973 mikutano ya mwaka imezaliana, na vitabu vya zamani havikufuata kila kundi. Vyetu vilikaa upande mmoja wa kijiji, na wale wa upande wa pili waliona aibu kwenda kuviomba. Kwa padri, sema ukweli siku ya kwanza, kabla ya kuweka tarehe, kabla ya kusaga chochote. Kibali kipo. Mwenzako na ajue mapema atakachoulizwa kuhusu ubatizo wa watoto, na mwelewane nyumbani, siyo ofisini. Watoto wetu walibatizwa wote. Niliwashika mimi mwenyewe, na sikuona kama nimemsaliti mtu.

Cheti hicho kitakuandama pengine pia. Watoto wa kaka yangu walipotaka kuandikishwa kuzaliwa wakiwa wakubwa, ofisi iliuliza kadi ya ubatizo kana kwamba kila Mkenya anayo. Wakakubali kadi ya kliniki na cheti cha kumaliza shule. Zitunzeni hizo zaidi ya picha za arusi. Na mahakamani: niliitwa shahidi katika kesi ya mpaka wa shamba, kijana wa mahakama akanipa Biblia, nikasema nitathibitisha bila kuapa, akadhani namkana Mungu. Sheria ya Kenya inaruhusu kuthibitisha. Mwambie karani wa mahakama kabla jina lako halijaitwa, usije ukalitangaza jambo hilo mbele ya watu wa shamba wanaotafuta sababu ya kukushuku.

Mjukuu alikuja Jumamosi iliyofuata, hajamlipa mtu wa River Road. Tukapanda bodaboda mbili hadi kwa karani wa sasa, mwalimu mstaafu kama mimi, anayehifadhi vitabu kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Jina lake lilipatikana upesi, ni la juzi tu. Akaanza kuandika barua. Mjukuu, kwa udadisi, akaomba kuona langu.

Kitabu cha zamani kimeliwa pembeni na mende, lakini mwandiko ni ule ule. Jina langu lipo, 1960. Mjukuu akapitisha kidole, akafunua kurasa, akafika Septemba 1969, akaanza kusoma Luragoli polepole, silabi kwa silabi, kama watoto wa Nairobi wanavyoisoma.

"Dada yetu amesimama, amekiri uongo. Mkutano umempokea."

Akainua macho. Karani naye akaacha kuandika.

"Guku, uongo gani?"

Kile nilichokuwa nimemficha kwenye simu. Nikavuta kiti.